Chupa Ndani ya Mguu wa Chelagat

Chelagat amelima viazi Kuresoi tangu tukiwa wasichana, na sijamsikia akiomba mtu amshikie jembe. Jembe hilo hilo ndilo lilimkata juu ya kifundo cha mguu. Ana ugonjwa wa sukari, kwa hivyo kidonda kilikataa kufunga. Daktari wa Nakuru akamwambia wazi: kisipofunga, mguu utakatwa chini ya goti. Chelagat anaishi peke yake kwenye mteremko. Bila mguu shamba limekwisha, na yeye pia.

Nilimsindikiza siku ya dawa mpya, ile madaktari walikuwa bado wanaijaribu. Nesi Kimberly, msichana mwenye heshima, alitaka tuelewe vizuri.

"Shosho, hii ni chupa. Imeyeyushwa na shaba kidogo, ikavutwa ikawa nyuzi. Tunaiweka ndani ya kidonda."

Angesema dawa tu, tungenyamaza. Lakini alisema chupa. Kwetu zamani, mbwa akianza kula kondoo aliwekewa chupa iliyosagwa ndani ya nyama, na sisi watoto tukimsikia akilia mpaka anyamaze. Nikaangalia uso wa Chelagat, nikajua naye anamsikia mbwa huyo.

"Na shaba," akasema polepole. "Ya transfoma, ile huibwa? Basi watu wa stima watakuja kuukata huu mguu wenyewe."

Kimberly akacheka. Chelagat hakucheka. Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya wangu.

"Shaba inaita mishipa mipya ya damu, shosho. Na hiyo chupa inasaidia nyama kuota."

"Mama Jerry, wewe ungekubali?" Chelagat akaniuliza.

 Nikaubana mkono wake.

"Weka," akamwambia nesi, akafunga macho. Kilichoingia kilikuwa laini kama pamba, na hilo likamtisha zaidi.

"Chupa isiyouma," akaninong'onezea, "inangoja nini?"

Wiki zikaenda hivyo, bandeji ikibadilishwa, yeye akiogopa hata kukohoa. Siku moja Kimberly akafungua, na zile nyuzi hazikuwepo.

"Chupa imeenda wapi?"

"Imeyeyuka, shosho. Mwili umeitumia."

Daktari akapima, akapima tena. Kidonda kilikuwa kimebaki upana wa kucha, nyama yake nyekundu, safi.

"Huu mguu hatukati," akasema.

Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Chelagat akanifinya, mkono wake mwingine ukiwa kifuani.

"Nyamaza kwanza, Mama Jerry. Nasikiliza kama chupa imefika hapa."