Huyo au Yule?

Juzi nilimsindikiza shemeji langoni mwa karakana moja ya Changamwe. Kazi ilikuwa moja, waombaji wawili: shemeji kando ya mkalimani, na jamaa wa bara kule mlangoni. Mzungu mwenye karakana akanyoosha kiko chake, akasema, “Dhat man.”

Mkalimani, mzee wa Kimvita, hakufasiri. Akauliza kwa adabu, “Bwana, huyo au yule?”

“Dhat.”

Mzee akatugeukia. “Neno lao ni hilo moja, kwa wa karibu na kwa wa mbali. Asili yake ni dhati yetu, wamelitwaa bila kujua kulitumia.”

Shemeji akaapa kuwa nia yake ni ya dhati, wallahi. Jamaa wa bara akasogea karibu ili naye awe huyo. Shemeji, kwa hofu kwamba atakiwaye ni yule, akakimbilia mlangoni.

Mzungu akainuka, akamshika mkalimani bega. “Dhis man, auti.”

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. “Sasa amesema. Huyu, nje.” Akachukua kofia yake, akatoka.

Siku hizi kila mtu aniambia Uhuru waja. Nami hutamani kuuliza: huo au ule?