Fulgence Alivyomulikwa Mshipa wa Moyo

Ilikuwa mwaka 2022. Hapana, 2022 ndio mwaka upepo ulipoezua nyumba yangu. Hii ilikuwa 2023, mahindi yanabeba.

Fulgence wa Maposeni, huku kwetu Songea, mchimba visima, alipanda kutoka shimoni ameshika kifua, jasho linamtiririka. Mkewe Hilda, dada yangu, akasema ni gesi, akamkorogea magadi. Mimi nami nilisema gesi. Alipoanza kutapika ndipo tukamkimbiza hospitali. Wakampima, wakasema mshipa wa moyo umeziba. Dawa wakampa, lakini siku ya tatu tukapelekwa Dar es Salaam.

Kule tukapokewa na daktari Zuhura, binti mdogo tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unanipasua?"

"Sikupasui. Napitisha waya kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni. Picha ya eksirei itanionyesha palipobana, lakini ukuta wa mshipa wenyewe siuoni. Ndiyo maana nataka niingize na kamera, nyembamba kama unyasi."

Hilda akaruka, akamng'ang'ania mumewe mguu. "Waya mmoja hautoshi? Mume wangu si wa kufanyiwa majaribio!"

Fulgence akacheka palepale kitandani. "Mama Aloyce, mimi kisima cha watu sishuki bila kukimulika na kioo. Juu unaona shimo zuri, kumbe chini ukuta unamomonyoka. Mwache binti amulike."

"Na ukifa?"

"Utaolewa na fundi pampu. Si anakusalimia kila Jumapili?"

"Mshenzi wewe," akasema Hilda, machozi yanamtoka, akamwachia mguu wake.

Tulikaa kwenye benchi Hilda akisali rozari, mimi nikihesabu vigae. Daktari akatoka anatabasamu. Akasema kijibomba cha waya alichokiweka kuzibua mshipa, kwenye eksirei kilionekana sawa kabisa. Kamera ikaonyesha upande mmoja hakijagusa ukuta. Akakitanua tena, akamulika tena, mpaka kikakaa.

Sasa Fulgence hashuki shimoni. Anasimama juu na kugombeza wachimbaji, vidonge vyake hakosi, Jumapili anakwenda kanisani kwa miguu.

Tumbaku ameacha. Miaka arobaini tulivuta mimi na yeye, mfuko mmoja. Nilimwambia hivyo daktari Zuhura siku ile, nikamwuliza jambo, lakini akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Huku Songea nimeuliza tena hospitalini, wananicheka tu. Mshipa wangu mimi je, ukuta wake ukoje?