Mguu wa Wakio na Hasira ya Gabriel

Nguo zote za Wakio zilikuwa ndefu kupita kiasi, jambo la kushangaza kwa fundi wa cherehani. Wateja wake pale Mbololo aliwakatia sketi za shule, vitenge vya harusi na sare za kwaya, kila mtu kwa kimo chake, na hakuna aliyerudi kulalamika. Lakini marinda yake mwenyewe yaliburura vumbi. Ukimuuliza, atakwambia fundi hana wakati wa kujishonea vizuri, kisha atacheka mpaka usahau ulichouliza. Ulimi wake ulikuwa mwepesi. Mguu ndio uliokuwa mzito.

Mguu wenyewe ni wa kulia. Ulianza kuvimba kwenye kifundo, ukapanda hadi gotini, ngozi ikawa ngumu yenye mikunjo, na kila baada ya muda ulimletea homa ya kumtetemesha kitandani. Alijifunza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, akajisifu kwamba sasa anashona haraka kuliko mwanzo, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo. Majirani zake Mbololo waliuita ugonjwa huo matende. Jamaa zake wa Mghange, huko juu milimani alikozaliwa, walikuwa na jina lao: hasira ya Gabriel.

Gabriel ni kaka yake mkubwa. Mama yao alipozeeka aliteremka kuishi na Wakio, na alipozidiwa ghafla, Wakio alishikwa na kazi ya kumuuguza hata akachelewa kutuma habari Mghange. Gabriel alifika akakuta wanawake wanaimba nyimbo za msiba. "Umeninyima mama yangu," alimwambia dada yake mbele ya watu wote, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata, mguu ukaanza kuvimba.

Kwa Wadawida, yaani Wataita, hasira ya ndugu si kitu cha kufanyia mzaha. Inaweza kumkalia mtu mwilini hata kama mwenye hasira mwenyewe hataki. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira huchukua funda la maji, akalipuliza nje kwa mdomo, na kutamka wazi kwamba moyo wake umetakata. Wazee walimwita Gabriel, naye akaja bila kusukumwa. Akatasa mbele ya dada yake. "Kama kulikuwa na kitu moyoni mwangu, kimetoka," alisema. Wakalia, wakala pamoja, na Wakio akarudi Mbololo kungoja mguu upungue.

Haukupungua. Ulizidi.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na halikuwa la mtu mmoja. Kila mtu aliwaza vilevile: ikiwa mguu bado umevimba, basi hasira bado imo, na ikiwa imo, basi Gabriel alitema maji tu, kinyongo akabaki nacho. Wakio alimpigia simu akamwambia hivyo hivyo, bila kumung'unya maneno. "Sina kingine cha kutema, Wakio," Gabriel akasema, na kukata simu. Hawakuongea tena kwa miaka mingi. Huko Mghange nako watu wakaacha kumwita awabariki kwa maji kama hayo maharusi na watoto wanaokwenda safari. Nani atataka baraka za mtu ambaye maji yake hayafanyi kazi? Hakuna aliyemwambia neno, ila alijiona anapitwa kila mara, na alijua sababu.

Mwaka jana watu wa utafiti walikuja Mbololo kuangalia kama matende bado yanaenezwa, baada ya miaka ya watu kumezeshwa vidonge. Wakio hakuwa na mpango wa kwenda. Loise, jirani yake ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii, ndiye aliyeingia dukani akasimama mbele ya cherehani.

"Sare yako bado, rudi Ijumaa," Wakio alimwambia.

"Leo sikutaka sare, mama. Nimekuja kuchukua huo mguu. Nawe kama unataka, twende nao pamoja."

Walikwenda. Mtafiti aliyempokea, daktari kijana aitwaye Mutheu, alimdunga kidole akachukua tone la damu, kisha akapiga magoti sakafuni, akaupandisha ule upindo mrefu wa rinda, na kuanza kuuosha mguu kwa maji na sabuni. Wakio alishikwa na aibu, akageuza uso ukutani. Mtu mwingine hakuwa ameugusa mguu ule tangu uharibike.

"Haya tunayaita magonjwa yaliyosahaulika, mama," Mutheu alisema huku akikausha katikati ya vidole.

"Yamesahauliwa na nani? Mimi huu wangu sijausahau hata siku moja."

Mutheu alicheka sana. Kisha akamweleza kwamba kipimo hakikuonyesha minyoo wa matende walio hai. Huenda walishakufa zamani, na uvimbe huu ni uharibifu waliouacha nyuma. Mbu ndio waliowaleta, na si kwa kumuuma mara moja. Walimuuma sana, mwaka baada ya mwaka, na minyoo wakakaa ndani kimya muda mrefu kabla ya mguu kuonyesha chochote.

"Kwa hivyo waliingia lini?"

"Siku siwezi kutaja, mama. Pengine tangu ulipoolewa huku chini kwenye mbu. Ulikuwa bado unalea watoto."

Wakio aligeuka kutoka ukutani. "Mama yangu alifariki mwaka mmoja tu kabla ya uvimbe kuanza. Unaniambia wadudu walikuwa wameshaingia, mama yangu akiwa mzima?"

"Walikuwa wameshaingia kitambo."

Wakio alilia kwa sauti, mpaka Loise akaja mbio. Mutheu alidhani ni uchungu wa kusikia kwamba mguu hautarudi kabisa ulivyokuwa, akaanza kumbembeleza.

"Wala siulilii mguu," Wakio alisema. "Namlilia kaka yangu. Alisema kweli, sisi wote tukamwona mwongo."

Tangu siku ile Wakio aliosha mguu kila siku, akaukausha, akaupaka dawa, akauinua juu ya mto akipumzika. Zile homa zikaanza kupotea, ngozi ikalainika, na uvimbe ukapungua kiasi cha kumwezesha kukanyaga cherehani kwa miguu yote miwili. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Mutheu, na Loise akashonewa sare bure, akagomba, akaichukua. Vidonge vilipoletwa tena, Wakio ndiye aliyewafokea majirani waliokuwa wakivitupa nyuma ya ua. Shukrani zake zilikuwa na kelele.

Lakini usingizi wake haukuwa mzuri bado. Siku moja alikaa kwenye cherehani, akalipunguza rinda lake la kanisani hadi chini kidogo ya magoti, akalivaa, akapanda Mghange. Alikuwa ametuma ujumbe kwa jamaa na majirani wakutane kwa Gabriel, maana lililosemwa mbele za watu haliwezi kufutwa chemba.

Gabriel alikuwa amekaa mlangoni, mvi tupu. Aliutazama mguu. Wakio naye hakuketi. Aliwaeleza wote habari za mbu na minyoo na miaka, kisha akaomba kikombe cha maji. Watu walidhani ana kiu.

Alipiga funda, akalipuliza mbele ya kaka yake.

"Wewe moyo wako ulitakata siku ile ile, kaka. Hasira ilikuwa yangu, na nilikaa nayo mimi. Leo imetoka. Nisamehe."

Gabriel alifuta macho kwa mkono wa shati. "Nilikuwa nimeshaanza kujishuku," alisema polepole. "Nilidhani labda kweli nina kitu kibaya ndani yangu nisichokijua."

Everlyne, jirani wa Gabriel wa miaka yote, alisimama akamvuta mjukuu wake mbele. Msichana huyo alikuwa anakwenda kuanza shule ya bweni Bura. "Baba Gabriel," akasema, "huyu anasafiri kesho. Hajabarikiwa."

Wakio alimpa kaka yake kikombe. Gabriel akapiga funda, akampulizia msichana baraka, na maji mengine yakamwagikia mguu wa dada yake, na Wakio hakuusogeza.