Mdogo Wangu Niliyemfukuza

Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, mama alimtuma mdogo wangu kutoka kaskazini aje kunisaidia. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mwenye sauti ya chini. Mume wangu alifanya kazi kwenye tanuru la shaba hapa Élisabethville, nasi tulikaa kambi ya wafanyakazi, ukuta mmoja na jirani. Mke wa jirani huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Siku ya uchungu ni yeye aliyenishika mikono. Chumvi ikiniishia, nilichota kwake bila kuomba.

Mume akiwa na zamu ya usiku, mchana alilala nyumbani. Alasiri mbili kwa juma nilikwenda kwa masista kujifunza kushona, mtoto mgongoni. Siku moja, tukitoka kupokea poso ya unga na samaki, rafiki akaniuliza:

"Weye unaenda kushona. Mu nyumba banabakia banani?"

"Bwana yangu na mudogo yangu."

"Basi angalia muzuri. Ule hapana mutoto tena."

Nilicheka, lakini kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Mdogo wangu akimwekea shemeji yake maji ya kuoga, nilimtazama. Wakicheka pamoja, nilimtuma mdogo wangu maji. Nilipomkuta akishona kifungo cha shati la mume wangu, nilimnyang'anya shati.

"Yaya, dada yangu, minakosa nini?"

"Unajua mwenyewe."

Alipiga magoti. "Ule bwana yako minamuona sawa baba. Mungu iko anajua."

Sikumsikiliza. Nilikwenda ofisi ya kambi nikasema mgeni wangu amemaliza muda wake, wakampa karatasi ya safari. Stesheni alimbusu mtoto kisogoni, akapanda treni bila kuniangalia. Mume alipouliza, nilisema mama ni mgonjwa. Hakuuliza tena, na kimya chake nikakifanya ushahidi.

Majuma machache baadaye sista aliugua, somo halikufanyika. Nilirudi mapema. Kitanda kilikuwa kitupu, viatu vya mume viko mlangoni. Nikakaa kumnyonyesha mtoto. Ndipo nikasikia, upande wa pili wa ukuta, sauti ya rafiki yangu ikimwita mtu kwa jina la utotoni la mume wangu, jina ambalo mimi nililitamka tukiwa wawili tu. Aliyemjibu alicheka. Kicheko kile nilikijua.

Mume aliingia peku kwa mlango wa nyuma, akanikuta nimeketi.

"Tangu wakati gani?" nikamuuliza.

"Mbele ya mutoto kuzaliwa."

"Na mudogo yangu?"

Aliinamisha kichwa. "Ule hakufanya kintu. Alituona siku moja. Njo maana ule bibi ya jirani alikuambia ile maneno."

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaomba ruhusa ya safari, nikaenda kaskazini. Mdogo wangu alikuwa uani akimenya mihogo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kumenya.

"Uliwaona wale wawili," nilisema. "Juu ya nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unatoka kuzaa, yaya. Niliogopa maziwa itakauka." Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Lakini weye, tumbo moja na miye, uliamini jirani."

Nilimwomba msamaha. Alinipa chakula, akamwogesha mtoto, hakunijibu.

Mume wangu alikiri kwa padri, na majirani wakahamishiwa kambi nyingine. Ndoa yetu ya kimila tuliifunga upya kanisani, nikabaki naye, nikamzalia wengine wanne. Hasira juu yake iliisha, sijui mwaka gani. Mdogo wangu baadaye aliolewa na mfanyakazi wa reli, akahamia mji huuhuu. Watoto wangu walikulia mikononi mwake. Jumapili baada ya misa tunakula kwake, na ananipakulia wa kwanza. Kwangu hajaingia hata mara moja. Nilipofiwa na mume alikuja, akaketi nje pamoja na wanawake wengine, siku zote tatu za matanga.

Sijamwuliza kwa nini haingii.