Unga wa Mtoto Mmoja

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya mizani. Mfuko wetu wa hisani hupeleka unga wa lishe katika vijiji viwili vya upande wa Bagamoyo. Mbegani watoto walikuwa wakiongezeka uzito. Makurunge hawakuongezeka, na wengine walikuwa wakipungua. Unga ulikuwa uleule.

Mfuko wenyewe ni mdogo. Tuliuanzisha wauguzi wastaafu wa kliniki ya mama na mtoto, na wanaotuchangia ni jamaa, majirani na waumini wa misikiti ya mtaani kwetu. Mwenyekiti wetu, Bi Rehema, aliamini kwamba Makurunge unga unauzwa. Alisema watoa sadaka wana haki ya kujua sadaka yao inaishia wapi, na kwamba kijiji kile kikatwe kwenye orodha. Mimi niliomba nipewe siku chache nikaone kwa macho yangu kabla ya kikao cha mwisho wa mwezi. Mchanganyiko wa unga ule niliupanga mwenyewe, na sikutaka uhukumiwe kwa maneno ya mbali.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilikuwa Kerege, kwenye banda ambako kikundi cha akina mama hututengenezea unga: mahindi, soya, karanga na mtama kidogo. Kiongozi wao, Bi Zuhura, alinikalisha kwenye mkeka akaendelea kuchambua karanga zake kwenye ungo, moja moja, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Niliangalia magunia, nikaangalia mashine, nikaonja unga. Nilimuuliza zile karanga alizotupa pembeni huwa zinakwenda wapi. Akaniambia kwamba karanga ikishapiga ukungu hampi hata kuku. Nikajua kasoro, kama ipo, haikuanzia hapo.

Saa nne niliondoka na gari la mizigo lililokuwa likipeleka unga wa mwezi ule. Tulipita njia panda ya Mbegani bila kusimama, tukapita Bagamoyo mjini, kisha tukaiacha lami.

Makurunge tulifika karibu na adhuhuri. Nilipokelewa na Mwajuma, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke wa makamo mwenye mwendo wa haraka. Yeye ndiye anayegawa pakiti na kupima watoto, na alikuwa amechoka kuulizwa maswali ambayo hana majibu yake. Alinipeleka nyumba tatu. Kila nyumba mama aliniambia mtoto anapewa uji mara mbili kwa siku, ni wake peke yake, hakuna mwingine anayeugusa. Walijibu kwa maneno yaleyale, kama watoto waliokariri.

Nyumba ya nne ilikuwa ya binti aitwaye Tatu, wa miaka ishirini na kitu, ambaye mumewe alikuwa kwenye vibarua vya ujenzi huko Dar. Alikuwa akiishi na mama mkwe wake na watoto wanne. Wa mwisho, Shabani, alikuwa na mwaka mmoja na miezi. Alikaa mapajani kwa bibi yake kimya mno; mgeni akiingia, mtoto wa umri ule hulia au huficha uso, lakini yeye alinitazama tu. Tatu naye alijibu kama wenzake. Sikubishana naye. Nilimwomba Mwajuma anihifadhi kwake usiku ule, na asubuhi nirudi pale kuwasaidia kazi.

Kulipopambazuka nilikuta jiko limeshawashwa. Tatu alisita aliponiona, lakini sufuria ilikuwa tayari motoni, kubwa, ya kupikia wali wa watu wengi. Alitia vijiko vitatu vya unga wetu na maji ya kujaza nusu ya sufuria. Uji ulipochemka aliumimina kwenye mabakuli matano: manne ya watoto, moja la mama mkwe. Yeye mwenyewe hakubakiza. Ulikuwa uji mwepesi kiasi kwamba niliona maua yaliyochorwa chini ya bakuli.

Nilimuuliza kwa upole kwa nini jana hakuniambia.

"Kwenye pakiti mmeandika ni kwa mtoto mmoja, asipewe mwingine," alisema bila kuninyanyulia macho. "Mama, nyumba hii haina sufuria ya mtoto mmoja. Huyu wa miaka minne nimwambie akatazame pembeni? Mama mkwe nimwambie nini? Nikisema kweli mtanifuta, na hicho kidogo nacho kiondoke."

Maneno yale niliyaandika mimi, mezani kwangu, nikiwa nimeshiba.

Nilimchukua Shabani nikatoa utepe wa kupimia mkono. Ulisoma nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali. Nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Nilipokiondoa, shimo likabaki, dalili ya uvimbe wa utapiamlo. Mwajuma aliliona pia, na uso wake ukabadilika, kwa sababu wiki tatu nyuma alimpima akamkuta kwenye njano. Tulimweleza Tatu kwamba uji hautoshi tena, mtoto alazwe hospitali siku ileile.

Hapo ndipo aliponiogopesha, kwa sababu alikataa. Mpunga wake ulikuwa umeanza kuiva, na mtu anayeacha kuamia, kufukuza ndege shambani, siku mbili tu hana cha kuvuna. Kulazwa ni wiki, labda mbili. Alisema mtoto mmoja akipona na watatu wakakosa chakula cha mwaka, atakuwa amefanya nini. Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu anayejua hesabu ya nyumba yake kuliko mimi.

Bibi wa mtoto alisukuma bakuli lake pembeni.

"Ndege wakila mpunga tutapanda mwingine," alisema. "Mchukue mtoto uende. Hawa waliobaki ni wangu."

Tatu akaingia ndani kufunga khanga zake. Mwajuma aliahidi kwamba majirani watapokezana shambani. Hakuahidi kwamba mpunga utapona.

Bagamoyo tulifika kabla ya saa saba. Shabani alipewa kitanda kwenye wodi ya watoto, akaanza kunyweshwa kwa kikombe maziwa maalumu, kidogo kidogo kila baada ya saa chache. Safari yangu ilikuwa iishie siku ile, lakini nilipanga chumba mjini nikabaki. Siku ya kwanza alitapika. Siku ya pili alikunywa kwa kulazimishwa, na mimi, niliyewatuliza akina mama kwa miaka mingi kwenye wodi kama ile, nilitoka nje mara mbili kwa kisingizio cha kununua maji. Siku ya tatu, muuguzi alipochelewa kidogo, Shabani alinyoosha mkono kukitafuta kikombe, na alipokikosa akalia, kilio cha hasira hasa. Tatu alicheka huku akifuta machozi kwa pindo la mtandio.

Baadaye, mtoto alipolala, aliniuliza kama ameshafutwa kwenye orodha. Nilimwambia hapana. Nikamwambia pia kwamba kosa halikuwa lake, lilikuwa la maneno ya kwenye pakiti, na mwandishi wa maneno yale ni mimi. Hakunisamehe wala hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nikiwa njiani kurudi, alasiri ya siku ya tano ya safari, niliteremka njia panda nikaingia Mbegani. Mwenyeji wangu alikuwa Bi Mwanahamisi, anayeongoza kikundi cha akina mama huko. Nilimsalimia shikamoo, kwa maana amenizidi umri, akaniitikia na kunikaribisha chai. Kwake nilipata jibu la mizani. Waume zao ni wavuvi, na wao huanika dagaa wakauza. Uji wa watoto wao ulikuwa mwepesi vilevile na uliliwa na nyumba nzima, lakini kila mama alitia ndani yake dagaa waliosagwa. Watoto walikuwa wakinenepa kwa dagaa zaidi kuliko kwa unga wetu.

Nilimwambia nililoliona Makurunge. Unga wa kutosha nyumba nzima maana yake ni nyumba chache, na mfuko wetu hauna zaidi. Nilitaka kukiambia kikao kwamba unga wa Mbegani uende Makurunge.

"Umekuja kutupa habari au kutuomba?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba nimekuja kuomba.

Aliwaita wenzake. Walizungumza kwa muda mrefu, na si wote waliofurahi. Mmoja, mama wa mapacha, mjane, alisema waziwazi kwamba yeye hana mtu baharini, na dagaa ananunua kama sisi wa mjini. Kilichokubaliwa ni kwamba unga utoke, isipokuwa kwa mama yule na mwingine mmoja wa hali kama yake. Bi Mwanahamisi alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniambia hawakuridhia kwa sababu wana shibe. Wameridhia kwa sababu wameombwa.

Dar es Salaam kikao hakikuwa chepesi. Bi Rehema alishikilia kwamba sadaka ilichangwa kwa ajili ya watoto, si kwa wazee. Nilimwambia bibi anakunywa tuandike tusiandike. Tofauti ni kama mtoto atabakiwa na kitu bakulini. Mwishowe alitia saini unga uhamie Makurunge. Pakiti mpya zinasema unga ni wa nyumba nzima, mtoto mdogo aanze, na wa kwake uwe mzito.

Mwajuma alinipigia simu wiki kadhaa baadaye. Shabani amerudi nyumbani na anasimama kwa kushika ukuta. Mpunga, karibu nusu yake uliliwa na ndege.

Nimewapima watoto karibu maisha yangu yote ya kazi. Siku hizi, mama akikaa mbele yangu na mwanawe, kabla sijagusa mizani humuuliza kwanza nyumbani wanakula wangapi, na yeye mwenyewe hula saa ngapi.