Hakuna Kinachoingia Bila Kuoga

Watu wa mtaa walikuwa wanatucheka. Bahari yoyote unayoitaja iko mbali sana na Kisangani, na sisi wanawake wawili tulikuwa tunaifuga kwenye chumba cha kulia cha restora yetu, mgahawa mdogo pale Makiso, katikati ya mji, karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi.

Yaya, dada yangu mkubwa, mjane, ndiye aliyefungua restora ile. Tangi la kioo aliachiwa na Mgiriki mmoja, mfanyabiashara aliyekula kwetu miaka mingi kabla hajachoka na nchi na kuondoka. Wengine walimwomba friji na viti. Yaya alimwomba tangi. Ndani yake kulikuwa na matumbawe laini, viumbe hai ambavyo wateja walidhani ni uyoga: mengine ya kahawia kama ngozi ya kiatu, mengine yenye vidole vidogo vilivyofunguka jua likipiga na kufumba ukiyagusa. Maji ya bahari tulikuwa tunaletewa na rubani wa ndege ya mizigo aliyepeleka kahawa Mombasa. Alirudi na madumu, bidoni tulizoziita, zimejaa, safari moja na jiwe la bahari la kupamba tangi, tukamlisha lituma ya ndizi za kuponda na samaki wa kuchoma mpaka akashindwa kuinuka. Kazi ya tangi ilikuwa yangu. Niliipenda kuliko kazi ya jikoni, na sikuficha.

Msimu mmoja wa mvua matumbawe yalikataa kufunguka. Juu yake kulitokea madoa ya rangi ya kutu. Nikadhani kweli ni kutu, labda kutoka kwenye bomba la hewa, mpaka siku niliyoona doa moja linatembea.

Mwalimu mmoja wa sayansi wa chuo kikuu, mteja wetu wa mchana, alileta kioo chake cha kukuzia. Aliinama mbele ya tangi hadi chakula chake kikapoa.

“Ni minyoo,” akasema. “Minyoo bapa. Inalala juu ya matumbawe na kuyafunika, yanakosa mwanga. Iliingia na jiwe lile rubani alileta.”

“Donc tufanye nini?” nikamuuliza.

“Usitie dawa kwanza. Ikifa yote mara moja inatoa sumu, utapoteza kila kitu. Punguza kwa mkono.”

Habari ikazunguka. Kila aliyekuja kula alikuwa na shauri, na shauri lilikuwa moja: mwageni mtoni, mpumzike. Yaya alikuwa anakata vitunguu. Akasimama na kisu mkononi.

“Mududu anafukuza mimi mu nyumba yangu? Haiko mutu alinifukuza humu, mududu ndiye ataweza?”

Basi tukaanza. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nilichukua tuyo, mpira mwembamba wa plastiki, nikavuta kwa mdomo mpaka maji yakashuka, nikaupitisha juu ya kila tumbawe kama mtu anayefyonza usaha kwenye kidonda. Minyoo ilikuwa laini, ikivutwa inaachia. Maji yalipita kwenye kitambaa cha pagne kuukuu, minyoo ikabaki juu yake, maji yakarudi tangini. Kisha nikatoa matumbawe yenyewe, moja moja, nikayaogesha kwenye beseni la maji ya kawaida, yaliyochemshwa na kuachwa yafikie joto lile lile la tangi. Nikahesabu polepole huku nikitikisa. Minyoo haivumilii maji yasiyo na chumvi, inajikunja na kuanguka. Tumbawe nalo linaumia, ndiyo maana huwezi kulisahau humo. Moja liliumia kupita kiasi likaoza, lile zuri kuliko yote, la vidole vya kijani. Nililia kweli. Yaya alinipa chai na kunirudisha kazini.

Mvua zilipokwisha, matumbawe yalifunguka. Tangu hapo tukaweka sheria. Chochote kipya, jiwe, konokono, tumbawe, kilioga kwanza, kisha kikakaa kwenye beseni la pembeni karibu na jikoni, wiki nyingi, maana maji yanaangusha mnyoo lakini hayaui mayai yake. Yakianguliwa, unaogesha tena. Nikiona hakuna mnyoo tena, ndipo kitu kiliingia tangini.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja wa chama. Miaka ile chama kilikuwa kimoja, na mtu wa chama akiingia mahali, viti vilisogea vyenyewe. Alivaa abakosi, koti la chama lisilo na tai, iliyopigwa pasi vizuri na beji kifuani. Aliagiza karamu ya mchana kwetu kwa ajili ya wageni wake kutoka Kinshasa, akaja mapema na ndoo ya plastiki. Ndani kulikuwa na tumbawe kubwa alilopewa safarini.

“Citoyenne,” akaniambia, raia, kama chama kilivyotaka watu waitane, “weka hii mu tangi. Katikati. Wageni waone zawadi yangu.”

“Asante, papa,” nikasema, kwa heshima ya kumwita baba. “Itaingia, lakini siyo leo. Lazima ioge, na ikae pembeni kwanza.”

Akacheka. Alipoona sicheki akaacha.

“Unajua mimi niko nani?”

“Najua, papa.”

“Alors, weka.”

“Hapana. Hapa hakuna kitu inaingia bila kuoga. Hata ya kwako.”

Wageni walikuwa wameshaingia na wanasikiliza. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi yake. Nilileta beseni jeupe la enameli, nikalizamisha tumbawe lake, nikatikisa. Minyoo ikaanza kudondoka. Kwenye weupe ule ilionekana vizuri, ya rangi ya kutu, inajikunja. Mgeni mmoja akasogeza kiti chake nyuma.

“Umetia wadudu kwa zawadi yangu,” bwana akasema taratibu. Kisha akaondoka na wageni wake, na chakula chote kikabaki mezani.

Siku chache baadaye karatasi ilibandikwa kwenye mlango wetu: restora imefungwa, sababu ya uchafu. Sisi, tuliokuwa tunaogesha hata mawe! Jirani mmoja, mama wa kanisa, alinishauri kwa upole niende kwa yule bwana, nipige magoti, yaishe.

“Nitaomba musamaha ya nini?” nikamuuliza. Mimi sikuwa na magoti ya kupiga.

Tukapika uani. Wateja walipita mlango wa jikoni, wakala wamekaa kwenye kreti za bia, na mwalimu wa chuo akawa wa kwanza kufika kila mchana, kwa makusudi. Tumbawe la yule bwana lilikuwa kwenye beseni la pembeni. Halikuwa na kosa lolote, kwa hiyo nililiogesha na kulitibu kama mengine.

Halafu yule bwana alituma vijana wanne wenye nguvu kulichukua tangi. Yaya aliwafungulia mlango.

“Chukueni,” akasema. “Lakini na maji yake. Mukimwaga, vyote vinakufa, na papa wenu atawauliza ninyi.”

Wakashika pembe nne. Wakainama, wakavuta pumzi, tangi halikusogea hata unywele. Wakajaribu tena. Mmoja akajishika kiuno. Waliulizana kama bwana anataka tangi au anataka matumbawe, na hakuna aliyetaka kwenda kumuuliza. Yaya akawapa pondu, mboga ya majani ya muhogo, na wali. Wakala, wakaosha mikono, wakaondoka bila kutuangalia usoni.

Hawakurudi. Baada ya miezi tukasikia yule bwana amehamishwa kwenda mkoa mwingine. Tulingoja mtu wa kuja kubandua karatasi, kwa sababu aliyefunga ndiye anayefungua. Hakuja mtu.

Asubuhi moja nilichukua kisu cha jikoni na maji ya moto.

“Leki, mdogo wangu, ukikamatwa?” Yaya akaniuliza.

“Nikikamatwa utaniletea chakula.”

Nikakwangua karatasi ile mpaka mbao ikaonekana. Yaya akatoka na ufagio, akafungua madirisha yote, akaanza kupanga meza nje, barabarani kabisa, mahali ambapo kila mtu angetuona.