Mwenye Shamba Huimbiwa

Mkuu wangu wa idara alisema wazi: mada yangu ya nyimbo za kazi ingebaki kwenye kozi ya elimu ya wafanyakazi iwapo tu yeye mwenyewe angeiona faida yake. "Ngoma zina chuo chake," aliniambia. Nilikasirika hadi chai ikanipoa mkononi. Nikamwambia aje Naipingo, kwa mama yangu, msimu wa kupalilia ufuta.

Alikuja, na wanafunzi wetu, na kofia mpya.

Kwetu jirani haajiriwi kupalilia. Anaalikwa, analishwa, na zamu yake ikifika nawe unamwendea. Siku ile chakula kilichelewa. Mama mdogo, aliyetoka kijijini Chunyu alfajiri, akaanzisha wimbo kwa Kimwera bila kuinua mgongo: jembe letu limeamka, jiko la mwenye shamba bado limelala. Wapaliliaji wote wakaitikia. Nilipowatafsiria wanafunzi, wakanitazama kwa hofu, maana mwenye shamba alikuwa mama, na alikuwa anasikia.

Mama akatoka jikoni na mwiko wake, akajibu kwa sauti ileile: jiko limeamka zamani, kunde ndizo zenye kiburi. Watu wakacheka. Haukupita muda ugali ukafika.

"Na angekasirika je?" mkuu akamwuliza mama mdogo.

"Mwenye shamba akiimbiwa hanuni, baba. Anajibu. Akinuna, mwakani atapalilia na kuku wake."

Nilijivuna, sifichi. Majadiliano ya wafanyakazi na mwajiri niliyoyafundisha miaka yote, nilikuwa nimeyasikia kwanza nikiwa mgongoni mwa mama.

Baada ya kula, mkuu akasimama kutoa hotuba. Akahutubia, akahutubia, jua likiwa utosini. Msichana mmoja wa Dar, ambaye darasani hafungui mdomo, akaanza polepole kwa sauti ya mama mdogo: "Mwenye kozi, ulimi wako umeamka, miguu yetu imelala." Wenzake wakaitikia. Hatima ya mada yangu yote ilikuwa usoni mwa yule mzee, na uso ulikuwa umekunjamana.

Akavua kofia. Akakohoa. Kisha akaimba, vibaya mno, kwamba mwenye kozi amesikia, twendeni kivulini, na nyimbo zibaki.

Mama mdogo akapiga kigelegele. Mama akaniinamia sikioni.

"Sauti hana," alisema. "Lakini kajibu."